Muhogo mzima kwa nje, kahawia ndani

Anayenunua muhogo mbichi kwa gunia huujua ubaya wake kisu kinapopita. Kwa nje mzima. Ndani madoa makavu ya kahawia, na hasara ni yake. Huo ni ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1936 huko Amani, Tanganyika. Kuanzia mwaka 2004 ukazuka Uganda.

Virusi vyake vina njia mbili: pingili za kupandia, na inzi weupe wanaokaa chini ya majani. Inzi hawa hawali muhogo peke yake, ndiyo maana watafiti sasa wanachuma hata majani ya magugu. Jani la manjano huenda limekosa mbolea tu, kwa hiyo jicho halitoshi: husagwa maabara, chembe za urithi za kirusi zikasomwa na kulinganishwa na zinazojulikana.

Hivyo ndivyo kichaka cha Deinbollia borbonica, Kenya na Tanzania, kilivyokutwa na kirusi kipya, wa ukoo wa batobato, kilichotangazwa mwaka 2017. Mti wa mpira nao, wenye kisamvu kinachopendwa, umekutwa na virusi vya michirizi. Ajabu, ni mti huohuo uliotumiwa Amani kuzalisha muhogo mvumilivu.

Shamba likisafishwa, kichaka cha pembeni kinaweza kubaki ghala la virusi. Lakini inzi haruki mbali kama lori. Makopa na unga havipandwi. Pingili hupandwa, nazo ndizo za kudaiwa cheti cha afya ya mimea mpakani.