Kioo Kilichotoka katika Mlima wa Moto

Msomaji wetu mmoja akaaye Muthurwa, Nairobi, ameuliza jambo ambalo huenda linawatatiza na wengine. Alionyeshwa sanamu nyeusi yenye kung'aa, isiyo na uso wa mtu wala umbo la mnyama, ila mkunjo na ncha tu. Mwenye kuiuza alimwambia kuwa ni jiwe la Naivasha. Yeye akadhani ni chupa iliyoyeyushwa. Je, jiwe laweza kuwa kioo?

Naam, laweza. Zamani sana milima ya Bonde la Ufa, kama Eburru, ilitapika uji wa mawe yaliyoyeyuka. Uji ule ukiwa na silika nyingi, yaani asili ile ile ya mchanga mweupe, sehemu 70 na zaidi katika kila 100, huwa mzito mno. Ukipoa upesi haupati nafasi ya kufanya chembechembe kama zilizomo katika mawe mengine. Huganda vile vile ulivyo, ukawa kioo. Wataalamu hukiita obsidiani. Kikivunjika hakifuati mshipa wowote, bali huacha vibonde vya mviringo kama ndani ya kombe, na kipande chembamba kikielekezwa juani hupitisha nuru. Lakini sanamu iliyokwisha kusuguliwa si rahisi kuitofautisha na chupa kwa macho tu.

Sasa tuitazame kazi ya mchongaji. Jiwe la Kisii litokalo Tabaka ni laini, hukatwa kwa panga na kisu. Obsidiani haikubali kisu, na ukiipiga nyundo kwa nguvu hutawanyika vigae vikali kuliko wembe. Basi hapana budi kuibandua kidogo kidogo, kisha kuisugua kwa unga mgumu na maji siku nyingi. Masikio, vidole na pembe nyembamba hukatika upesi, lakini mviringo mpana hudumu. Kwa hiyo aonaye sanamu isiyo na sura asiseme haraka kwamba fundi ameshindwa; pengine amelisikiliza jiwe lake. Hata hivyo sura yawezekana, kwani mafundi wa Misri ya kale walichonga kwa obsidiani kichwa cha Mfalme Senusret wa Tatu, nacho kimo katika jumba la makumbusho huko Lisbon.

Huku kwetu jiwe hili lilipata mafundi mapema zaidi. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako Louis Leakey alichimba tangu miaka ya 1920, yapo mashoka ya mkono ya obsidiani yaliyotengenezwa miaka laki kadhaa iliyopita, yenye umbo la tone la maji, pande zake mbili zikilingana. Na huko Olorgesailie, katika njia ya Magadi, wataalamu walieleza mwaka 2018 kwamba watu wa miaka 300,000 hivi iliyopita walitumia obsidiani iliyotoka kilometa 25 hadi 95. Mzigo wa namna hiyo hauchukuliwi bila sababu.

Hapo ndipo penye hatari. Kigae chenye mabanduo madogo madogo kandokando huenda ni kazi ya mtu wa kale, nacho kikihamishwa hakimwelezi tena mtaalamu kililala wapi wala pamoja na nini. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yataka kitu kama hicho kitolewe habari kwa Makumbusho ya Taifa. Afadhali kukiacha palepale, kupiga picha na kukumbuka mahali.

Na kijana wa Muthurwa atakaye kujaribu uchongaji huu avae miwani ya kazi na glavu nene, asugue jiwe likiwa limelowa ili vumbi lisimwingie kifuani, na afagie vigae vyote kabla watoto hawajapita hapo miguu mitupu.