Mfumo wa Mfuko wa Dharura: Tuujenge kwa Zana Ipi, na Nani Atabaki Nao?

Wengi wenu mmeshasikia kwamba serikali ya wanafunzi imepitisha bajeti ya kujenga mfumo wa mtandaoni wa Mfuko wa Dharura, ule unaotukopesha hela ya kula bumu likichelewa. Hadi leo mfuko unaendeshwa kwa daftari la kaunta na faili la Excel lililoko kwenye laptop ya mhazini. Ilipofika kwenye kuchagua zana za kujengea, kamati ya TEHAMA ikagawanyika makundi matatu, na mabishano sasa yamehamia kwenye magrupu ya WhatsApp. Mimi ni mwanakamati na nina upande wangu, sifichi. Lakini kwa kuwa hela ni zenu, hata wewe unayesoma sheria au ualimu una haki ya kujua tunabishania nini.

Tuanze na neno lenyewe. Kiunzi cha programu, ambacho wengi tunakiita fremuweki, ni kazi ambayo wengine wameshaifanya ili wewe usiianze upya. Kila mfumo wa mtandaoni una mambo yale yale: mtu aingie kwa neno la siri, fomu isomwe, taarifa ziende kwenye kanzidata na kurudi, asiyehusika azuiwe mlangoni. Ukiandika yote mwenyewe kuna kitu utasahau. Kwa mfano, mjanja anaweza kuandika amri ya kanzidata ndani ya kisanduku cha jina, na mfumo uliojengwa ovyo utaitekeleza, hata kama ni amri ya kufuta madeni yote. Django, Laravel na Spring zina kinga dhidi ya hilo, mradi uzitumie jinsi zilivyokusudiwa. Hiyo ndiyo faida. Gharama yake ni kwamba ukishajenga juu ya kiunzi fulani umefunga nacho ndoa, na talaka yake ni kuandika mfumo upya.

Sasa makundi yetu. La kwanza linataka React kwa upande wa skrini, Node kwa upande wa seva, na MongoDB kama kanzidata. Ndiyo mchanganyiko unaotamba YouTube, na hawa jamaa wanaujua kweli. La pili linataka Java na Spring Boot, kwa hoja kwamba mabenki wanatumia Java. La tatu, ambalo ndilo langu, linataka Django au Laravel juu ya kanzidata ya majedwali kama PostgreSQL.

Chukua jambo dogo tu: mwanafunzi anarudisha shilingi 20,000. Mfumo una hatua mbili, kupunguza deni lake na kuongeza salio la mfuko. Umeme ukikatika katikati, inawezekana deni limepungua na salio halijaongezeka, na mhazini ataonekana mwizi. PostgreSQL na MySQL zinaruhusu kufunga hatua hizo kwenye muamala mmoja: ama zote zimefanyika, ama hakuna hata moja. MongoDB iliongeza uwezo huo kwa nyaraka nyingi kwa pamoja mwaka 2018, kwenye toleo la 4.0, kwa hiyo wale wa upande wangu wanaosema haiwezi wamepitwa na wakati. Hoja yangu ni nyingine. Taarifa zetu ni za majedwali tangu asili yake: mwanafunzi, mdhamini, mkopo, rejesho. Kanzidata ya majedwali ukiielekeza mara moja, itamkatalia yeyote anayejaribu kuingiza rejesho la mkopo usiokuwepo, hata kama aliyeandika programu alikuwa amesinzia.

Kuna na suala la desimali. Ukiiambia JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2 itakujibu 0.30000000000000004. Si ugonjwa wa JavaScript peke yake, ndivyo kompyuta zinavyohifadhi namba za aina hiyo, na hata Python itakujibu vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba Python na Java zinakuja na aina nyingine ya namba, iliyotengenezwa kwa ajili ya desimali kamili, wakati kwenye JavaScript unatafuta maktaba ya nje au unahesabu kwa namba nzima tu. Kwa shilingi zetu zisizotumia senti tungeponea, mpaka siku bunge la wanafunzi litakapopitisha adhabu ya asilimia kwa wachelewaji.

Lakini hela si ndiyo sehemu ngumu. Sehemu ngumu ni miaka.

Taasisi ya kawaida inabadilisha mtu wa TEHAMA baada ya miaka kadhaa. Sisi tunabadilisha kila mtu. Mimi nikimaliza mwaka huu naondoka, rais anaondoka, mhazini anaondoka, na waliopo mwaka wa pili leo watakuwa na mwaka mmoja tu wa kuushika mfumo kabla nao hawajaanza kuhangaika na mradi wao wa mwisho. Kwa hiyo swali la kwanza kuiuliza zana yoyote ni nani ataihudumia tukishaondoka, na waliotengeneza hiyo zana wenyewe wataitunza hadi lini.

Mfano ninaoupenda ni AngularJS. Ilitoka Google mwaka 2010, na kwa miaka kadhaa ilikuwa ndiyo habari ya mjini. Septemba 2016 likaja toleo la 2, ila halikuwa mwendelezo. Lilikuwa limeandikwa upya, na mfumo wa zamani haukuweza kuhamia kwa kubadilisha namba ya toleo tu. Walioshindwa kuhama wakabaki na ile ya zamani, na tarehe 31 Desemba 2021 Google wakaacha rasmi kuihudumia. Aliyejengea taasisi mfumo kwa AngularJS mwaka 2014 hakufanya ujinga, alifuata wakati. Ila taasisi ndiyo iliyobaki na mzigo.

Taasisi moja niliyofanyia fildi ina mzigo wa namna hiyo. Mfumo wao wa kusajili wanachama uliandikwa na kijana aliyekuwa hapo kwa mkataba, kwa maktaba ambazo haziendelezwi tena, bila hata ukurasa mmoja wa maelezo. Kijana aliondoka. Mimi niliambiwa “usiguse hicho kitu, kitakufa.” Wahudumu walikuwa wanaandika kwenye daftari kwanza, halafu jioni wanaingiza kwenye mfumo, eti kwa usalama. Yaani mfumo umekuja, na kazi imeongezeka mara mbili.

Kutokugusa nako ni hatari. Mwaka 2017 kampuni ya Marekani iitwayo Equifax, inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, iliibiwa taarifa za watu takriban milioni 147. Mlango ulikuwa tundu kwenye kiunzi cha Java kiitwacho Apache Struts. Marekebisho ya tundu hilo yalikuwa yametolewa Machi, wezi wakaanza kuchota Mei, na kampuni ikagundua mwishoni mwa Julai. Kiunzi kilikuwa cha kuheshimika kabisa, ila hakikusasishwa. Sisi mfumo wetu utakuwa na majina, namba za simu, na sababu za mtu kuomba msaada, ambazo nyingine ni za ugonjwa au msiba. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na haijali kama mtunza taarifa ni benki au ni wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Kwa kigezo hicho zana zinaanza kuachana. Django wana utaratibu wa matoleo ya muda mrefu: toleo la 5.2 lilitoka Aprili 2025 na limeahidiwa marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028. Ukilichagua unajua kabisa ni mwaka gani warithi wako watapaswa kuhama. Laravel wanatoa marekebisho ya usalama kwa miaka miwili tu kwa kila toleo kubwa, kwa hiyo kazi ya kuhama inarudi haraka zaidi. Node nayo ina matoleo yake ya muda mrefu, tatizo ni msururu wa vifurushi vidogo vidogo unavyoviburuta nyuma yake. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake cha mistari 11 tu kwenye hazina ya npm, na programu za watu dunia nzima zikagoma kujengeka. Hazina ilibadilisha sheria zake baada ya pale, lakini folda la vifurushi bado linaweza kumeza mamia ya megabaiti. Kwa anayetumia bando la wiki, hilo nalo ni jambo la kupigia hesabu.

Vipi kuhusu Java? Hapa nataka kuwatendea haki wenzangu, maana mfano mzuri kuliko yote uko jirani. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa Microsoft Access. Ulifanya kazi vizuri mpaka huduma ya wagonjwa wa VVU ilipopanuka na Access ikaelemewa. Mwaka 2004 ukaanza mradi wa OpenMRS, ukiwahusisha wataalamu wa taasisi ya Regenstrief ya Marekani na wenzao wa Eldoret, na mwaka 2006 mfumo ukaanza kutumika huko. Walichagua Java na Spring juu ya MySQL, na wakabuni kamusi ya istilahi za kitabibu ndani ya kanzidata, ili kuongeza kipimo kipya kusiwe kubomoa majedwali. Unatumika hadi leo, nchi nyingi. Kwa hiyo Java inadumu, hakuna ubishi.

Ila tazama kilichouweka hai: jumuiya ya watu wa nchi mbalimbali, wengine wakilipwa kwa kazi hiyo, wakiandika maelezo na kurithishana. Sisi tuna watu sita wanaokutana Jumamosi. Spring Boot inamtaka anayeanza ajue mengi kabla hajaona skrini moja ikifanya kazi, na laptop zetu nyingi za RAM 4 zinahema ukifungua Java na kivinjari kwa pamoja.

Kati ya Django na Laravel, nakiri Laravel ina faida moja kubwa: PHP inakubalika karibu kila penye huduma ya bei rahisi ya kuhifadhi tovuti. Mimi bado nachagua Django, kwa sababu mbili za hapa hapa chuoni. Kwanza, Python ndiyo lugha tunayofundishwa mwaka wa kwanza, kwa hiyo kila Oktoba wanaingia warithi wapya. Pili, Django inakuja na ukurasa wa usimamizi uliokwisha tengenezwa. Ukishaeleza majedwali yako, mhazini anapata pa kutafuta, kuhariri na kuona nani alibadilisha nini kupitia ukurasa huo. Si ajabu, maana kiunzi chenyewe kilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, kikatolewa kwa umma mwaka 2005, mahali ambapo waandishi walihitaji kuingiza taarifa bila kumsubiri fundi. (Jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt, na herufi D haitamkwi. Mkitaka kuwajua waliojifunza kwa kusoma tu, wasikilizeni.)

Kamati haijaamua. Nimependekeza, na wenzangu wamekubali, kwamba kila kundi lipewe wiki mbili kujenga skrini moja tu, ya kupokea rejesho. Kisha msimbo wake apewe mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hakushiriki kuuandika, aambiwe aongeze jina la mdhamini, na walioandika wasimsaidie hata kwa meseji. Tutapima saa alizotumia na makosa aliyoingiza. Wa mwaka wa pili watatu wanahitajika, wa kozi yoyote yenye Python, Java au JavaScript, na majina yanapokelewa ofisi ya serikali ya wanafunzi hadi Ijumaa.