Visby kwa Saa Sita: Kupanga Siku ya Kushuka Melini

Safari ya meli ya kitalii huuzwa kwa bei moja inayojumuisha chumba, chakula na usafiri wa kutoka bandari hadi bandari. Isipokuwa mkataba useme vinginevyo, bei hiyo haijumuishi kile atakachokifanya msafiri baada ya kushuka gatini. Ni katika saa hizo chache za nchi kavu ambapo fedha za ziada hutumika, na ambapo mnunuzi hugundua, mara nyingine kwa gharama kubwa, ni wajibu gani ulio wa kampuni na ni upi ulio wake mwenyewe. Makala haya yanaeleza jambo hilo kwa mfano wa bandari moja: Visby, katika kisiwa cha Gotland nchini Uswidi. Mji huu ni mdogo, ni mtulivu, na uko karibu na gati, hivyo mengi yaliyo bora ndani yake hayahitaji malipo. Lakini pia uko kisiwani, na anayeachwa na meli huko huachwa kisiwani.

Mji na yaliyomo

Gotland iko katikati ya Bahari ya Baltiki. Katika karne ya 12 na ya 13 Visby ulikuwa kituo kikuu cha wafanyabiashara wa Gotland na wa miji ya Ujerumani, na ukawa miongoni mwa miji ya Hansa, muungano wa miji ya biashara wa kaskazini mwa Ulaya. Utajiri wa enzi hiyo ndio uliojenga ukuta wa mawe ya chokaa wenye urefu wa takribani kilomita 3.4, ambao kwa sehemu kubwa bado umesimama pamoja na minara yake. Mwaka 1995 mji huo uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia.

Kutembea kando ya ukuta huo hakuna kiingilio. Ndani yake mna magofu ya makanisa zaidi ya kumi. Lililo maarufu zaidi, la Mtakatifu Karin, liko kwenye uwanja mkuu wa mji, paa likiwa limetoweka na matao yakiwa bado yamesimama. Kanisa kuu la Mtakatifu Maria, lililowekwa wakfu mwaka 1225, lingali likitumika kwa ibada. Bustani ya mimea, iliyoanzishwa mwaka 1855, iko ndani ya ukuta upande wa bahari. Bustani ya Almedalen, ambako wenyeji huketi kando ya bwawa, ndipo palipokuwa bandari ya mji katika Zama za Kati, kabla ya maji kuwa haba na meli kuhamia kusini.

Mahali pa kulipia ambapo kwa maoni yetu panastahili kiingilio chake ni Makumbusho ya Gotland katika mtaa wa Strandgatan. Humo huonyeshwa hazina ya Spillings, iliyogunduliwa shambani kaskazini mwa kisiwa mwaka 1999: takribani kilo 67 za fedha, zikiwemo sarafu zaidi ya 14,000. Nyingi kati ya hizo ni dirhamu zilizopigwa katika nchi za Kiislamu, na mgeni wa kutoka pwani ya Afrika Mashariki ataona maandishi ya Kiarabu mahali ambapo huenda hakuyatarajia. Katika makumbusho hayo hayo zimo silaha na deraya zilizofukuliwa katika makaburi ya pamoja ya mwaka 1361. Mwaka huo mfalme Valdemar wa Denmark aliwashinda wakulima wa kisiwa mbele ya ukuta, huku malango ya mji yakiwa yamefungwa. Msalaba wa mawe uliosimamishwa kuwakumbuka bado uko nje ya ukuta, na wanaofika kuutazama ni wachache.

Saa za kweli

Ratiba ikisema meli itakuwa Visby kuanzia 08:00 hadi 17:00, msafiri asihesabu saa tisa. Milango hufunguliwa baada ya meli kufungwa gatini na taratibu za bandari kukamilika. Abiria hutakiwa wawe wamerejea nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka, na saa hiyo ya mwisho huandikwa katika jarida la kila siku linaloletwa chumbani. Gati la meli za kitalii, lililofunguliwa mwaka 2018, liko kusini mwa mji wa kale, na mtu mwenye afya huhitaji kama dakika ishirini kwa miguu kufika ndani ya ukuta. Ukiondoa kwenda, kurudi, foleni ya ukaguzi na chakula cha mchana, zinabaki saa sita hivi. Zatosha kabisa kwa Visby. Hazitoshi kwa Gotland yote.

Mambo matatu humpotosha msemaji wa Kiswahili kuhusu saa, na yafaa yaelezwe wazi. La kwanza ni namna yetu ya kuhesabu: 16:00 ni saa kumi jioni, na anayemwambia dereva kwa Kiingereza arudi saa kumi, akitafsiri namba kama ilivyo, atakuwa ameagiza gari la saa nne asubuhi. Miadi yote iandikwe kwa tarakimu za saa ishirini na nne. La pili ni jua. Mwezi Juni na Julai jua la Gotland halichwi hadi baada ya saa tatu usiku, kwa hiyo mwanga wa saa kumi na moja jioni hauonyeshi dalili yoyote ya siku kuisha. Aliyezoea kukisia wakati kwa kutazama jua atachelewa. La tatu ni tofauti ya saa baina ya bandari. Ufini na Estonia hutangulia Uswidi kwa saa moja, na meli inayotoka Helsinki au Tallinn huweza kubadili saa yake usiku au kubaki na ile ya awali. Saa inayotawala ni ya meli. Simu hufuata mtandao wa nchi kavu, kwa hiyo isiaminiwe peke yake.

Ziara ya meli au miguu yako

Kampuni za meli huuza ziara za nchi kavu, na bei zake huwa juu kuliko za watoa huduma wa mjini. Mnunuzi anapata nini kwa tofauti hiyo? Anapata mwongozaji, gari, na jambo moja lenye thamani halisi: kwa kawaida, basi la ziara ya kampuni likichelewa, meli hulisubiri, au kampuni hugharimia kuwafikisha abiria bandari inayofuata. Aliyekodi gari mwenyewe hana ahadi hiyo. Hata hivyo ahadi yenyewe isomwe katika masharti ya ziara, isichukuliwe kwa kauli ya muuzaji.

Ikifuatwa hoja hiyo, kununua ziara ya kutembea ndani ya ukuta ni kulipia bima ya hatari ambayo karibu haipo, kwa kuwa kutoka pembe yoyote ya mji wa kale meli inafikika kwa miguu. Anayependa historia isimuliwe na mjuzi ana sababu nzuri ya kuinunua, lakini anayeinunua kwa hofu ya kupotea hana. Hali ni tofauti kwa safari za mbali. Pango la Lummelunda liko takribani kilomita 13 kaskazini na linafikika bila wasiwasi mkubwa. Kisiwa cha Fårö, alikoishi mwongoza filamu Ingmar Bergman, kinahitaji zaidi ya kilomita 50 za barabara na kivuko, ambacho wakati wa kiangazi huwa na foleni ya magari. Kwa siku moja ya meli, Fårö ni ya ziara ya kampuni au ya kuachwa.

Mwenye kutumia kiti cha magurudumu, na yeyote mwenye maumivu ya magoti, ajue kwamba mji umejengwa kwenye mteremko mkali, mitaa mingi imetandikwa mawe, na sehemu ya juu hufikiwa kwa ngazi au kwa njia za kuzunguka. Ukanda wa chini, kuanzia Almedalen hadi bustani ya mimea, ni tambarare zaidi na una uzuri wa kutosha kujaza nusu siku. Aidha, utulivu wa Visby una vipindi vyake. Mwishoni mwa Juni hufanyika wiki ya mijadala ya kisiasa ya Almedalen, na mwezi Agosti hufanyika Wiki ya Zama za Kati, wakati ambao mji hujaa watu waliovaa mavazi ya kale. Ni furaha kwa apendaye shamrashamra. Anayetafuta ukimya achague tarehe nyingine.

Fedha na simu

Sarafu ya Uswidi ni krona. Nchi hiyo haitumii yuro. Maduka na mikahawa mingi haipokei noti kabisa, hata vyoo vya umma huweza kulipiwa kwa kadi. Mfumo wa malipo ya simu unaotumiwa na wenyeji huhitaji akaunti ya benki ya Uswidi, na huduma zetu za kutuma fedha kwa simu hazina wakala huko. Msafiri aende na kadi ya benki yenye namba ya siri, awe ameiarifu benki yake kabla ya kuondoka. Mashine ya malipo ikimuuliza kama anataka kukatwa kwa krona au kwa sarafu ya nyumbani kwake, achague krona: kiwango cha ubadilishaji kinachotolewa na mashine kwa kawaida humnufaisha mfanyabiashara.

Kuhusu simu, hatari iko baharini kuliko nchi kavu. Meli nyingi zina mtandao wao unaopitia setilaiti, na simu iliyoachwa wazi hujiunga nao yenyewe, kwa bei ya juu sana. Simu iwekwe katika hali ya ndegeni tangu meli inapong'oa nanga.

Hati za kusafiria

Raia wa nchi za Afrika Mashariki anahitaji viza ya Schengen ili ashuke Visby. Suala linalosahaulika ni idadi ya kuingia. Meli ikianza Copenhagen, ikapita Visby na kuishia Stockholm, msafiri hakutoka katika eneo la Schengen. Lakini ikitoka Ujerumani, ikapita Uingereza na kurudi Norwe, ametoka na kuingia tena, na viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha kazi. Ombi huwasilishwa katika ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, si mapema kuliko miezi sita na si chini ya siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya afya ya walau yuro 30,000. Wakala anayeuza tiketi bila kuuliza habari za viza hajatimiza kazi yake, ila atakayezuiwa kupanda meli ni abiria.

Meli nyingi hushika pasipoti za abiria. Unaposhuka beba kadi ya meli, nakala ya pasipoti na ya viza, na namba ya simu ya wakala wa meli bandarini, ambayo kwa kawaida huchapwa katika jarida la siku. Ukiachwa, huyo ndiye wa kupigiwa kwanza. Kivuko cha kwenda Nynäshamn au Oskarshamn huchukua zaidi ya saa tatu, ndege za Stockholm zipo, na vyote hivyo hujaa katika kiangazi. Nauli ni yako.

Meli isipotia nanga

Gati jipya limepunguza tatizo la zamani la kushusha abiria kwa mashua, lakini upepo wa Baltiki haujapungua. Karibu kila mkataba humpa nahodha uwezo wa kuruka bandari kwa ajili ya usalama. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1177/2010 juu ya haki za abiria wa majini huwapa abiria wa vivuko fidia ya kuchelewa kufika, lakini abiria wa meli za kitalii wametengwa na kifungu hicho. Kinga yao kubwa zaidi iko katika Maagizo ya 2015/2302 kuhusu safari za kifurushi, ambayo humruhusu msafiri kuvunja mkataba bila malipo endapo mwandaaji atabadili sehemu kuu za safari kabla haijaanza, au akipandisha bei kwa zaidi ya asilimia 8. Kinga hiyo huhusu vifurushi vinavyouzwa ndani ya Umoja huo au vinavyolengwa kwa wateja wake. Aliyenunua kwa wakala wa Dar es Salaam au Nairobi asome mkataba unataja sheria ya nchi gani na mahakama ipi, kabla ya kulipa.

Bandari ikirukwa, ziara zilizonunuliwa kwa kampuni ya meli kwa kawaida hurejeshewa fedha, na inafaa kuuliza pia kuhusu tozo za bandari ambazo hazikulipwa. Ziara iliyonunuliwa kwa mtoa huduma wa mjini hufuata masharti yake mwenyewe, kwa hiyo mnunuzi achague yule anayeandika bayana kwamba atarejesha fedha meli isipofika. Dai lolote lianzie kwa maandishi kwenye dawati la wageni kabla ya kushuka mara ya mwisho, likiambatanishwa na stakabadhi, nakala ya mkataba na jarida la siku husika, kwa kuwa ndilo lenye saa na taarifa ya mabadiliko, na asubuhi inayofuata huwa limekwisha kutupwa na wasafishaji wa vyumba.