Gari Linalokwaruza na Kichwa Kinachouma



Leo tutazungumza juu ya gari la abiria. Pengine utauliza, mganga na gari wapi na wapi? Lakini moshi wa gari huingia kifuani mwako, nawe hukuuita. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu.

Hapa Kitaya, mtu akitaka kwenda Nanyamba au Mtwara mjini hupanda pikipiki, au gari dogo linalobeba watu pamoja na magunia ya mpunga. Mengi ya magari hayo yalikwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Njia zetu zina mchanga, mashimo na visiki. Tumbo la gari hugonga chini. Baada ya muda, gari lililokuwa kimya huanza kutoa sauti kavu ya kukwaruza, kama debe lenye kokoto. Abiria hulalamika. Mwenye gari huenda kwa fundi na kusema, "Nipunguzie kelele hii."

Ngoja kwanza. Kabla ya kupunguza kelele, tujue inatoka wapi.

Bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, huanza kwenye injini na kuishia nyuma ya gari. Katika bomba hilo kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni sailensa. Kazi yake ni kupunguza kelele. Cha pili ni masega. Masega ni kopo la chuma, na ndani yake mna kauri yenye vijitundu vingi vilivyopangwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana yakaitwa hivyo. Kuta za vijitundu hivyo zimepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Moshi wa moto ukiyagusa madini hayo, sehemu kubwa ya sumu yake hugeuka kuwa hewa isiyo na ukali ule. Huko Marekani, magari mengi mapya yalianza kuwekewa masega mwaka 1975.

Masega nayo hupunguza kelele kidogo, kwa sababu moshi unapita polepole. Yakitolewa au yakivunjika, gari hukwaruza. Basi kelele hiyo inaweza kuwa dalili kwamba sumu inatoka bila kuchujwa.

Sumu ninayoisema huitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Harufu ya moshi unayoisikia ni ya vitu vingine vilivyofuatana nayo. Ndani ya damu mna kitu chekundu kinachobeba oksijeni. Kaboni monoksaidi hukishika kitu hicho kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haikiachii upesi. Unavuta pumzi, lakini mwili unakosa hewa.

Mtu hushuka garini kichwa kinamgonga. Ana kizunguzungu na kichefuchefu, miguu haina nguvu. Anasema, "Hii malaria." Anameza vidonge alivyobakiza mwezi uliopita. Kumbe angekuja kupimwa. Mimi humpima damu kwanza, maana malaria kwetu ipo na haifai kuidharau. Kama hakuna vimelea, humwuliza: Ulisafiri na nini? Uliketi wapi? Na wenzako wa gari lile, hawaumwi kichwa? Malaria haiwapati watu wa gari moja kwa saa ile ile. Moshi huwapata.

Ukiona dalili hizo safarini, mwambie dereva asimame. Shukeni wote, mkae penye upepo. Aliyezirai mlazeni ubavu, mumpeleke kituo cha afya haraka. Msimnyweshe maziwa, hayatoi sumu hii, tena aliyezirai yanaweza kumpalia. Na mkifika, semeni wazi kwamba amevuta moshi wa gari. Kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni hudanganywa na sumu hii, kikaonyesha namba nzuri. Katika hewa ya kawaida, sumu iliyomo katika damu hupungua nusu kwa saa 4 hadi 5. Mgonjwa akipewa oksijeni safi, hupungua nusu kwa muda wa saa moja hivi au moja na nusu.

Ninalolihofia zaidi ni mama mjamzito. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika sumu hii kwa nguvu kuliko damu ya mama yake, na huchelewa kuiachia. Sasa fikiri: uchungu umeanza usiku, kuna shida, mama anapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Amelazwa kiti cha nyuma, juu kabisa ya bomba lililotoboka. Madirisha yamefungwa ili asipate baridi. Jamaa wamefanya wema, lakini gari linamnyima mtoto hewa njia nzima.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Maneno haya ni ya mwenye gari, lakini nawe abiria yasome. Nauli yako ndiyo inayonunua.

Usianze kwa kununua. Fundi aingie chini ya gari likiwa limepoa, atazame maungio, gasketi na nyufa. Masizi meusi penye ungio yanaonyesha moshi unatoka hapo. Kisha agonge kopo la masega taratibu kwa nyundo ya mpira. Likichezacheza ndani, kauri imevunjika. Likilia kama mkebe mtupu, huenda yalikwisha kutolewa zamani. Ikiwa ni tundu tu, lizibwe kwa kuchomelewa. Kufunga masega mapya nyuma ya bomba lililotoboka ni kutupa fedha, kwa maana moshi unatoka kabla haujayafikia.

Ikiwa masega yamekufa kweli, nenda dukani na kadi ya gari. Kadi inaonyesha ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Masega ya injini ndogo yakifungwa kwenye injini kubwa huzidiwa, na ya petroli hayafai kwa dizeli. Lishike kopo mkononi, lielekeze kwenye mwanga, uchungulie. Utaona vijitundu vya sega. Viwe kamili, visivyomeguka wala kujaa masizi. Ukikuta matundu machache makubwa, hayo ni ya watu wanaopenda gari lingurume. Huruhusu moshi kupita upesi, na sauti ya kukwaruza hubaki. Chukua yenye vijitundu vingi vidogo. Hesabu pia matundu ya kufungia vipimo vya oksijeni. Yawe sawa na ya kopo la zamani.

Masega yasiyotoka kwa mwenye kiwanda cha gari ni nafuu, na mengine ni mazuri. Lakini ya bei ya chini kabisa huwa na madini kidogo, nayo huchoka mapema. Uliza kama kuna dhamana ya maandishi. Yaliyotumika siyapendi, kwa sababu hujui yalitoka wapi wala yamebakiza nini.

Fundi mwingine atakuambia, "Masega yanakula mafuta, tuyatoe tuweke bomba tupu." Masega yaliyoziba ni kweli huchosha gari, ila dawa yake ni kuweka mengine. Wengine husema hayafai kwa mafuta ya Afrika. Hilo lilikuwa na ukweli zamani, petroli ilipokuwa na risasi, maana risasi huua masega. Nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo ilipofika Januari 2006. Na ukikubali kubadilisha, mwambie fundi akupe mkononi kopo la zamani. Madini yaliyomo yana bei, na wapo wanaoyanunua.

Kabla ya kufunga mapya, tengeneza injini. Plagi isiyochoma vizuri hupeleka petroli mbichi ndani ya masega, nayo huungua kwa muda mfupi. Injini inayokula oili huyapaka uchafu.

Ukiwa abiria, kataa kusafiri na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kamba kwa ajili ya magunia au baiskeli. Gari likienda, upepo huvuta moshi ndani. Tena jipime masikio: ikiwa lazima upige kelele ili aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo imezidi. Dereva anayekaa nayo kila siku atapungukiwa na usikivu, na hautarudi.

Jambo lingine ni la asubuhi. Masega hayafanyi kazi yakiwa baridi. Lazima kwanza yapate moto. Kwa hiyo liwashe gari nje, si ndani ya banda wala karibu na dirisha la watoto waliolala. Yakishapata moto, huwa makali sana. Usiegeshe juu ya majani makavu ya mkorosho, yatashika moto. Na mvua zikijaza maji bondeni, usilitumbukize gari likiwa limetoka mbio. Kauri ya moto ikikutana na maji hupasuka. Simama kidogo, lipoe, ndipo uvuke.