Sura ya Nne: Vikombe Vinavyolipia Kuni

Mwaka 1920 Bernard Leach alifika St Ives, mji mdogo wa wavuvi na wachoraji katika jimbo la Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa na umri wa miaka 33, ameishi Japani miaka mingi na kujifunza ufinyanzi huko. Alifuatana na Hamada Shoji, kijana wa Kijapani aliyeijua vizuri kemia ya udongo na glezi, yaani utando wa kioo unaofunika chombo. Pamoja walijenga joko la Kijapani la kupanda mteremko, la kwanza la aina hiyo katika nchi za Magharibi. Ujuzi walikuwa nao. Kuni ndizo zilizokuwa taabu, kwa maana Cornwall ni nchi ya upepo na miamba, na miti yake ni haba.

Anayetaka kuelewa jinsi karakana ya mji mdogo inavyoishi au kufa aanzie kwenye joko. Joko la mteremko lina vyumba vilivyopangana kama ngazi. Moto huwashwa chini, na joto lililokwisha kukichoma chumba cha kwanza hupanda kwenda kukipasha cha pili, kisha cha tatu. Joto likikaribia nyuzi 600 za Selsiasi, udongo hupoteza maji yaliyofungamana na chembe zake, na tangu hapo haurudi tena kuwa tope. Ili uwe mgumu kama jiwe na glezi yake iyeyuke sawasawa, joto lazima lifike karibu nyuzi 1,300. Kazi hiyo hudai kuni kwa saa nyingi mfululizo, chumba kiwe kimejaa au kiwe kitupu. Kwa hiyo mfinyanzi analazimika kulijaza joko. Chungu kimoja kizuri hakiwezi kubeba gharama ya moto wote huo, na moto ukienda vibaya, kazi ya wiki kadhaa huharibika kwa usiku mmoja.

Leach alijaribu njia nyingi za kupata fedha. Vyombo vyake vya sanaa alivipeleka kwenye maonyesho London na Japani. Wageni wa kiangazi aliwapa vyombo wavipambe wenyewe, kisha akawachomea hapo hapo kwa njia ya raku, ambayo haihitaji joto kali. Hata hivyo karakana iliyumba kwa miaka mingi.

Aliyeiweka sawa ni mwanawe, David, na kwa maoni yangu historia ya ufinyanzi haijamlipa haki yake. Mwaka 1934, baba akiwa Japani, David alikwenda kusoma Stoke-on-Trent, mji wa viwanda vya vyombo ambavyo Bernard hakuvipenda. Aliporudi alibadili mchanganyiko wa udongo, akaleta mafuta yasaidie kuni, akapanga kazi upya. Ndipo karakana ikaanza kutoa vyombo vya kila siku kwa umbo na kipimo maalumu: vikombe, bakuli, majagi, vyungu vya kupikia vyenye vifuniko. Viliorodheshwa kwenye katalogi, vikauzwa kwa posta na madukani kwa bei ambayo familia ya kawaida iliimudu.

Vyombo hivyo ndivyo vilivyokuwa shule. Mwanafunzi alipima madonge ya udongo kwa mizani, kila donge uzito uleule, akafinyanga umbo moja asubuhi nzima mpaka mikono ikalizoea. Hakuweka muhuri wake. Chombo cha kila siku kilipigwa muhuri wa karakana peke yake, ilhali chombo cha sanaa kilipata na ule wa mtu aliyekifinyanga. Mtu akisimama mbele ya rafu za duka la karakana angeweza kuzisoma hesabu zake humo: vikombe vilivyolipa kuni na mishahara, na karibu yake vyombo vichache ambavyo vikombe hivyo vilivipa nafasi ya kuzaliwa.

Michael Cardew, aliyejiunga na karakana ya St Ives mwaka 1923, baadaye alipeleka ujuzi huo Nigeria, akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kuna mwanamke aliyefika pale akiwa fundi tayari: Ladi Kwali, aliyefinyanga mitungi kwa mkono bila gurudumu, akiichora mijusi na nyoka. Kituoni mitungi yake ilipakwa glezi na kuchomwa kwa joto kali. Mabadiliko hayo ni makubwa kuliko yanavyoonekana. Mtungi wa nyumbani hupoza maji kwa sababu una vinyweleo. Unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Mtungi wenye glezi hautoi jasho. Kazi yake ya kupoza maji imekwisha, na umekuwa kitu cha kutazamwa ukumbini, kwa bei ya ukumbini.

Mwaka 1974 Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi aliyekuwa akisoma Uingereza, alikwenda Abuja na kujifunza kwa Ladi Kwali. Yeye aliiacha glezi. Hujenga chombo kwa mkono, hukisugua mpaka king'ae, kisha hukichoma. Moto wenye hewa ya kutosha hukipa rangi ya machungwa. Ukinyimwa hewa, hukifanya cheusi. Vyombo vyake havikukusudiwa maji wala mboga. Amechagua kufinyanga chombo cha sanaa peke yake, njia ambayo Leach mwenyewe hakuimudu bila vikombe vya David.