ESP32: Bodi Yenye Njaa ya Ghafla

ESP32 ni kompyuta ndogo iliyobanwa ndani ya chipu moja pamoja na redio ya Wi-Fi na Bluetooth. Hutengenezwa na kampuni ya Espressif ya Shanghai, China, na iliingia sokoni mwaka 2016. Hutumia umeme wa volti 3.3, ila matumizi yake hayalingani. Ikiwa katika usingizi mzito hutosheka na mikroampia 10 hivi; redio ikisikiliza hufikia karibu miliampia 100; ikituma kwa nguvu zote hupanda hadi 240, kwa kitambo kifupi mno, kisha hushuka.

Kitambo hicho ndicho kinachosumbua mafundi. Kila waya na kila betri ina ukinzani, na mkondo ukipanda ghafla, volti hupotelea humo njiani. Betri ya sarafu, CR2032, huwa na ukinzani wa ndani wa omu 10 au zaidi. Miliampia 240 zikipita, volti 2.4 kati ya 3 zimekwisha kabla hazijafika kwenye chipu. Ndani ya chipu kuna mlinzi wa volti. Zikishuka mno, huiwasha bodi upya. Bodi huamka, huwasha redio, volti huanguka, na mchezo huanza tena. Lawama mara nyingi huiangukia programu isiyo na kosa.

Mita ya kawaida ya fundi haisaidii sana, kwa kuwa husoma mara chache tu kwa sekunde na huonyesha wastani mtulivu. Tena, ikiwekwa katika njia ya umeme huongeza ukinzani wake, hata pengine ikaiangusha bodi iliyokuwa nzima! Oskiloskopu, inayochora volti zinavyobadilika, ndiyo huyaona maanguko hayo ya ghafla.

Espressif hushauri chanzo kinachoweza kutoa angalau miliampia 500. Kapasita nayo hufanya kazi ya simtangi nyumbani: bomba likitiririka kidogo, anayeoga hutumia akiba, kisha tangi hujaa polepole. Kapasita ikibeba peke yake miliampia 240 kwa milisekunde 1, na volti zisishuke zaidi ya 0.3, huhitaji mikrofaradi 800. Kwa kuwa chanzo nacho huchangia, mia chache hutosha mara nyingi, mradi ikae jirani kabisa na chipu. Kando yake huwekwa nyingine ndogo ya mikrofaradi 0.1, iliyo nyepesi kuitikia.

Kidhibiti volti AMS1117, kilichojaa kwenye bodi za bei nafuu, hudai zaidi ya volti moja ya ziada, hivyo hakiifai betri ya lithiamu ya volti 3.7. Bodi ikiendesha mota, mota hiyo hupewa chanzo chake cha umeme. Katika programu, nguvu ya kutuma inaweza kupunguzwa pale kipanga njia cha Wi-Fi kilipo karibu. Wengine huamua kumzima mlinzi wa volti. Bodi huacha kujiwasha upya, lakini chipu hubaki ikifanya kazi kwa volti pungufu, na data inayoandikwa wakati huo huweza kuharibika.