Hesabu ya Mgonjwa Baina ya Fomu Moja na Nyingine

Vituo vingi vya kutolea huduma za afya nchini Tanzania vinaendelea kuhama kutoka kwenye madaftari ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na kuingia kwenye mifumo ya kompyuta. Katika mifumo hiyo aghalabu mhudumu hujaza fomu kwenye kivinjari, hubonyeza kitufe cha kutuma, kisha hufunguliwa fomu inayofuata. Fomu ya kwanza huuliza uzito na joto la mwili, ya pili majibu ya maabara, ya tatu dawa. Njiani kompyuta huwa imekwisha kukokotoa mambo kadhaa: kiasi cha dawa kwa kadiri ya uzito, umri wa mimba kwa wiki, au tarehe ambayo mgonjwa anapaswa kurudi.

Katika daftari la karatasi, hesabu iliyoandikwa saa tatu asubuhi huonekana mahali palepale saa nane mchana. Katika fomu za wavuti mambo si hivyo. Fomu ya kwanza ikishatumwa hufungwa, na ile ya pili haiijui ya kwanza. Hesabu iliyokokotolewa katikati yake lazima iwekwe mahali fulani, na mahali panapochaguliwa na mtengenezaji wa programu ndipo panapoamua iwapo mgonjwa atapata dozi yake au dozi ya mtu mwingine.

Seva isiyokumbuka

Chanzo cha tatizo ni namna wavuti ulivyoundwa. Tim Berners-Lee alipoubuni katika kituo cha utafiti cha CERN, kati ya mwaka 1989 na 1991, kusudi lilikuwa kuwawezesha wanasayansi kusomeana nyaraka. Kwa kazi hiyo, itifaki ya HTTP ilifanywa iwe nyepesi: kivinjari huomba ukurasa, seva huutoa, na mazungumzo yamekwisha. Ombi linalofuata, hata likitoka kwa mtu yuleyule baada ya sekunde moja, hupokelewa kama la mgeni.

Usahaulifu huo una faida, kwa kuwa seva isiyobeba kumbukumbu za kila mgeni huweza kuhudumia watu wengi kwa wakati mmoja. Hata hivyo, kazi zenye hatua zaidi ya moja zilihitaji njia ya kumtambua aliyekwisha kuja. Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, alibuni kile kinachoitwa kuki: kipande kidogo cha maandishi ambacho seva humpa mgeni akiweke kwenye kivinjari chake na akirudishe kila anapokuja tena. Kazi yake haina tofauti kubwa na ile ya kadi ya kliniki, ambayo mama huondoka nayo nyumbani na kumkabidhi muuguzi kila hudhurio.

Mahali panapoweza kutunza hesabu

Watengenezaji wa programu wana njia nne za kawaida.

Ya kwanza ni sehemu iliyofichwa ndani ya fomu yenyewe. Seva ikishakokotoa dozi, huiandika kwenye fomu inayofuata pahali pasipoonekana, nayo hurudi fomu hiyo itakapotumwa. Njia hii ni rahisi, na ina sifa moja njema: kila fomu hubeba hesabu zake, hivyo fomu mbili zilizofunguliwa pamoja hazichanganyikani. Kasoro yake ni kwamba kilichofichwa machoni hakijafichwa kwa mtu mwenye ujuzi kidogo, ambaye anaweza kukibadilisha kabla ya kukituma. Kwa hiyo seva haipaswi kuamini thamani iliyorudi mpaka iihakiki, au iwe imeitia saini ya kidijitali inayoonyesha kwamba haikuguswa.

Ya pili ni kuki. Huweza kudumu hata kivinjari kikifungwa, lakini uwezo wake ni mdogo, takribani baiti 4,096, na hubaki kwenye kompyuta ambayo huenda ikatumiwa na watu wengi kwa zamu.

Ya tatu ni kipindi. Hapa hesabu hubaki kwenye seva, na kivinjari hupewa namba ndefu tu ya kuitambulisha, mithili ya namba ya foleni. Lugha ya PHP, aliyoianzisha Rasmus Lerdorf na ambayo imetumika sana katika programu za wavuti, iliingiza utaratibu wa vipindi katika toleo lake la 4 mwaka 2000. Vipindi ni salama zaidi kwa kuwa mtumiaji hawezi kugusa kilichomo, ila vina ukomo. Kwa mpangilio wa msingi wa PHP, data ya kipindi kisichoguswa kwa sekunde 1,440, yaani dakika 24, inaweza kufutwa. Anayepeleka mtoto maabara na kusubiri majibu anajua kwamba dakika 24 si nyingi.

Ya nne ni hifadhidata, ambamo kila hatua huandikwa chini ya namba ya mgonjwa na namba ya hudhurio. Huhitaji kazi zaidi, lakini ndiyo pekee inayolikaribia daftari kwa uimara: umeme ukikatika, kilichokwisha kuandikwa hubaki.

Watoto wawili, kompyuta moja

Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Ni mfano wa kueleza tu, wala si taarifa ya tukio lililotokea. Mama mmoja wa Nyamiaga, wilayani Ngara, anafika kituoni na watoto wake wawili, wote wakiwa na homa. Wa kwanza ana kilo 13, wa pili kilo 27. Vipimo vinaonyesha kwamba wote wana malaria isiyo kali.

Vidonge vya dawa mseto ya artemeta na lumefantrini hutolewa kwa uzito. Mwenye kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge 1 kwa kila dozi. Kilo 15 hadi chini ya 25, vidonge 2. Kilo 25 hadi chini ya 35, vidonge 3. Na mwenye kilo 35 na kuendelea, vidonge 4. Dozi ni mara mbili kwa siku kwa siku 3. Mtoto mdogo atahitaji vidonge 6 kwa jumla, na mkubwa vidonge 18.

Mhudumu, akitaka kuokoa muda, anafungua fomu za watoto hao katika vichupo viwili vya kivinjari kimoja. Anaingiza uzito wa mdogo. Programu inakokotoa kidonge 1 na kukiweka kwenye kipindi kwa jina «dozi». Anahamia kichupo cha pili, anaingiza uzito wa mkubwa. Programu inakokotoa vidonge 3 na kuviweka kwenye kipindi kilekile, kwa jina lilelile. Anarudi kwa mdogo na kubonyeza «endelea». Fomu ya dawa inafunguka ikiwa na jina la mtoto wa kilo 13 na dozi ya mtoto wa kilo 27.

Hakuna aliyekosea kupima, wala kanuni ya dozi haikuwa na kasoro. Kosa ni kwamba kipindi ni mali ya mhudumu aliyeingia kwenye mfumo, ilhali hesabu ni mali ya mgonjwa. Dawa yake ni nyepesi: hesabu isiandikwe kwa jina la jumla, bali ifungwe na namba ya hudhurio la mgonjwa husika, na kila fomu ibebe namba hiyo. Kabla ya kuonyesha dozi, seva ithibitishe kwamba uzito uliotumika ni wa mgonjwa ambaye jina lake liko juu ya ukurasa.

Hesabu inayopitwa na wakati

Kuna hatari nyingine, ambayo hutokea hata pale hesabu ilipotunzwa salama. Wilaya ya Biharamulo, katika mkoa uleule wa Kagera, iliipa nchi fundisho zito. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba kuna mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg wilayani humo. Wagonjwa 10 walihesabiwa, 2 wakiwa wamethibitishwa na maabara na 8 wakidhaniwa, nao wote walifariki dunia. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025.

Dalili za Marburg huweza kuchelewa hadi siku 21 tangu mtu alipoambukizwa. Kwa sababu hiyo kila aliyekutana kwa karibu na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21, akiulizwa hali yake na kupimwa joto kila siku. Ufuatiliaji wa namna hiyo, ukifanywa kwa kompyuta au simu, ni fomu ileile inayotumwa siku baada ya siku, na hesabu inayodumu baina ya fomu hizo ni moja: tarehe ya mwisho ya kufuatiliwa.

Tuseme mtu alikutana na mgonjwa tarehe 3 Machi. Programu inakokotoa 24 Machi na kuihifadhi. Baadaye inabainika kwamba alikutana na mgonjwa mwingine tarehe 9 Machi, na mhudumu anaongeza taarifa hiyo. Ikiwa programu inaendelea kusoma tarehe iliyohifadhiwa mwanzoni, mtu huyo ataondolewa kwenye orodha tarehe 24, ilhali anapaswa kufuatiliwa hadi tarehe 30. Siku 6 anazobaki bila kuangaliwa ndizo zinazoweza kuurudisha ugonjwa kijijini.

Kinachohifadhiwa na kinachokokotolewa upya

Kutokana na mifano hiyo kunapatikana kanuni ambayo kila mtengenezaji wa mfumo wa afya anapaswa kuizingatia. Kwanza, hifadhi kilichopimwa au kilichoelezwa: uzito, tarehe ya kukutana na mgonjwa, siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kinachotokana na hayo kikokotolewe upya kila kinapohitajika, maana kompyuta haichoki kujumlisha. Mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo na ambao Tanzania inautumia kukusanya taarifa za afya, hufuata njia hiyo katika viashiria vyake: vituo huingiza idadi, na asilimia hukokotolewa kutokana na idadi hizo. Idadi ikisahihishwa, asilimia husahihika yenyewe.

Pili, kuna hesabu ambazo hazipaswi kubadilika kamwe, nazo ni zile ambazo uamuzi umekwisha kufanywa kwa kuzitegemea. Ikiwa mtoto alipewa kidonge 1 jana, na leo uzito wake ukasahihishwa kuwa kilo 16, rekodi ya jana lazima iendelee kusomeka kidonge 1, pamoja na uzito uliotumika, saa na jina la aliyetoa. Kuikokotoa upya na kuandika vidonge 2 ni kusema uongo juu ya kilichotokea, na daktari atakayempokea mtoto huyo kesho ataupotosha uchunguzi wake kwa uongo huo.

Siri ya mgonjwa

Hesabu iliyoachwa kwenye kompyuta ya pamoja huweza kusomwa na asiyehusika. Umri wa mimba au kiwango cha virusi mwilini hufichua mengi hata bila maelezo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Hivyo basi, matokeo ya mgonjwa yasiandikwe ndani ya kuki wala kwenye anwani ya ukurasa. Kivinjari kipewe namba ya kipindi pekee, na namba hiyo ifutwe mhudumu anapotoka kwenye mfumo.

Yanayomhusu mhudumu na mgonjwa

Mhudumu asiyejua kuandika programu bado ana nafasi ya kuzuia makosa haya. Ashughulikie mgonjwa mmoja kwa wakati mmoja, na pale asipokuwa na hakika na mfumo wake asifungue vichupo viwili. Asibonyeze kitufe cha kutuma mara mbili kwa kudhani kwamba mtandao umelala, kwa kuwa mfumo usio na kinga unaweza kuandika dawa mara mbili. Akirudi kutoka maabara na kukuta fomu imekaa muda mrefu, aifungue upya na kulinganisha uzito na dozi. Kabla ya kumpisha mwenzake wa zamu, atoke kwenye mfumo. Akiona hesabu isiyolingana na mgonjwa aliye mbele yake, aamini macho yake kwanza, kisha aripoti kwa mtaalamu wa mfumo, akieleza ni fomu zipi zilikuwa wazi na kwa mfuatano gani.

Mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Mzazi anayepokea dawa anaweza kusema, «Mwanangu amepimwa kilo 13, hivi vidonge ni vya kilo ngapi?» Swali hilo halimvunjii mhudumu heshima, bali humpa nafasi ya kutazama tena. Kadi ya kliniki iendelee kutunzwa na kuletwa kila hudhurio, hata pale ambapo kituo kina kompyuta. Uzito na tarehe vilivyoandikwa humo kwa kalamu ndivyo vitakavyomwezesha mhudumu kugundua kwamba dozi iliyo kwenye kioo ni ya mtoto mwingine.